Gaafa Daba: Wakati wafugaji wa Isiolo walipozuiliwa kambini

WAZEE wa jamii za Waborana na Wasakuye katika Kaunti ya Isiolo huhesabu miaka kwa matukio. Upo mwaka wa ukame fulani, mwaka wa ugonjwa wa ng'ombe, na mwaka wa mvua iliyofurika Ewaso Nyiro. Kati ya matukio hayo yote, lipo moja ambalo hutajwa kwa sauti ya chini. Huitwa Gaafa Daba, yaani wakati wa kusimama.

Ni kipindi cha kati ya mwaka 1966 na mwisho wa miaka hiyo ya sitini. Serikali ya Kenya ilikuwa ikipigana na waasi waliotaka eneo la kaskazini lijitenge na kujiunga na Somalia. Wafugaji wakaamriwa kuacha malisho yao na kuishi katika vijiji vilivyolindwa na askari. Aliyekutwa nje ya mipaka ya vijiji hivyo bila idhini alihesabiwa kuwa adui.

Vita vyenyewe vinajulikana kwa jina la vita vya mashifta. Neno shifta lilitoka Ethiopia na maana yake ni jambazi. Waliopigana hawakujiita hivyo, lakini ndilo jina lililobakia katika hotuba za viongozi, magazetini na katika vitabu vya shule.

Historia ya kambi hizo haijulikani sana nje ya kaskazini. Wakenya wengi wanajua habari za Manyani na Hola, ambako wakoloni waliwafungia wapiganaji wa Mau Mau. Wachache wanajua kwamba miaka michache tu baada ya uhuru, mbinu iyo hiyo ilitumiwa dhidi ya raia wa Kenya, safari hii na serikali yao wenyewe.

MZIZI WA MGOGORO

Isiolo ni mlango wa kaskazini. Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Nairobi akapita Nanyuki na kuteremka kutoka miteremko ya Mlima Kenya aliiacha hapo nchi ya mashamba na kuingia nchi ya mifugo.

Mpaka huo haukuwa wa hali ya hewa pekee. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kufunga maeneo na kumzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliongeza mamlaka ya maafisa juu ya jamii za wafugaji, pamoja na uwezo wa kuwapangia mahali pa kukaa na kulisha mifugo.

Eneo hilo liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD. Lilijumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Shule zilikuwa haba, barabara za lami hazikuwapo, na vyama vya siasa vilivyokuwa vikipigania uhuru kusini havikuwa na nafasi huko kwa muda mrefu.

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, ilitangaza azma ya kuwaunganisha Wasomali wote chini ya bendera moja. Katika NFD, chama cha Northern Province People's Progressive Party kilidai eneo hilo litengwe na Kenya kabla ya uhuru.

Mwaka 1962 Uingereza iliunda tume ya kupokea maoni ya wakazi. Tume ilikuta kwamba wengi katika sehemu kubwa ya eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Isiolo, palipoishi Waborana, Wasakuye, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, maoni yaligawanyika. Wengi miongoni mwa Waborana na Wasakuye Waislamu waliunga mkono kujitenga, lakini wapo waliopinga na kusema kwamba mustakabali wao ulikuwa Kenya.

Machi 1963, Uingereza ilitangaza kwamba eneo hilo lingebaki Kenya na kwamba mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki ungeundwa. Somalia ilikatiza uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Wilaya za Isiolo, Marsabit na Moyale hazikuingizwa katika mkoa huo mpya, bali ziliwekwa katika mkoa wa Mashariki. Uchaguzi wa Mei 1963 ulisusiwa katika sehemu kubwa ya kaskazini.

MAUAJI YA WABERA

Umwagaji damu uliwafikia watu wa Isiolo kabla hata ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa safarini karibu na Modogashe. Pamoja naye aliuawa Haji Galma Dida, chifu mwenye heshima kubwa miongoni mwa Waborana. Wote wawili walikuwa wakiwahimiza wakazi kuikubali Kenya.

Mauaji hayo yalionyesha jambo ambalo lingejirudia katika miaka iliyofuata. Mfugaji wa Isiolo alikuwa kati ya pande mbili zenye bunduki. Aliyeonekana kuwa karibu na serikali aliwindwa na waasi, na aliyeshukiwa kuwalisha waasi aliwindwa na serikali.

Barabara ya Wabera katikati ya jiji la Nairobi ilipewa jina kwa kumbukumbu ya mkuu huyo wa wilaya. Maelfu huipita kila siku bila kujua kwamba jina hilo limetoka Isiolo.

HALI YA HATARI

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwishoni mwa mwezi uo huo, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo la kaskazini mashariki.

Waasi walivamia vituo vya polisi, wakavizia misafara barabarani na kutoroka. Somalia iliwaunga mkono kwa silaha na kwa matangazo ya redio. Baadaye walianza kutega mabomu ardhini, na magari ya jeshi pamoja na ya raia yakalipuka kwenye barabara za vumbi za kaskazini.

Jeshi la Kenya lilikuwa changa, na eneo lenyewe lilikuwa kubwa na lenye watu wachache. Maafisa walilalamika kwamba hawakuweza kumtofautisha mwasi na mchungaji. Wote walivaa mavazi mamoja, walizungumza lugha moja na kunywa katika visima vimoja. Mwasi aliyeficha bunduki yake kichakani na kushika fimbo aligeuka mchungaji kwa dakika moja.

Jibu lililochaguliwa lilikuwa kuwatenga wananchi na waasi kwa kuwahamishia wananchi hao mahali ambapo wangeweza kuhesabiwa.

MBINU YA WAKOLONI

Mbinu hiyo haikuwa ngeni nchini. Waingereza waliitumia dhidi ya raia wa Makaburu huko Afrika Kusini katika vita vya 1899 hadi 1902, kisha huko Malaya kuanzia mwaka 1950. Nchini Kenya waliitumia baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952.

Katika miaka ya 1954 na 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji hivyo vilizungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, na kafyu iliwafungia wakazi usiku. Wanawake walilazimishwa kuchimba mahandaki na kutengeneza barabara bila malipo.

Wanaume waliotuhumiwa kula kiapo cha Mau Mau walipelekwa katika kambi za vizuizi, kama vile Manyani na Mackinnon Road. Huko kazi ya kulazimishwa ilikuwa kipimo cha kutubu. Uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958 ulijengwa kwa mikono ya wafungwa, na vivyo hivyo mifereji ya kwanza ya mashamba ya Mwea na Perkerra.

Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari hadi 11 kati yao wakafa. Maafisa walidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza lilitikisika na kambi zikaanza kufungwa.

Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960 katika kambi mbalimbali, alichapisha kitabu kuhusu maisha hayo mwaka 1963. Kitabu hicho kilikuwa mikononi mwa wasomaji mwaka uo huo ambao hali ya hatari mpya ilitangazwa kaskazini.

Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe alihukumiwa mwaka 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Alikitumikia Lokitaung, akazuiliwa Lodwar, kisha Maralal, kote huko kukiwa kaskazini mwa nchi. Serikali aliyoiongoza ilikuwa na watu waliojua kwa miili yao maana ya kambi.

AMRI YA 1966

Mwaka 1966 serikali ilitoa kanuni mpya za kulinda usalama wa umma. Zilihusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kanuni hizo ziliwapa maafisa mamlaka ya kupekua, kukamata na kuzuilia bila kibali cha mahakama, pamoja na kutwaa mifugo.

Mwaka uo huo mpango wa kuwakusanya wafugaji vijijini ulianza. Katika Isiolo, watu walikusanywa Garba Tulla, Merti na Modogashe, miongoni mwa vituo vingine. Maeneo makubwa nje ya vituo hivyo yalitangazwa kuwa marufuku.

Serikali ilieleza kwamba vijiji vingeleta maendeleo. Watoto wangepata shule, wagonjwa wangepata zahanati, na wafugaji wangejifunza kukaa mahali pamoja. Hoja hiyo haikuwa tupu kabisa, kwa maana shule na zahanati zilihitajika sana kaskazini. Lakini watu hawakuulizwa kama walitaka kuhama. Vijiji vilichaguliwa kwa urahisi wa ulinzi, na malisho hayakuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa kwanza.

Familia ziliwasili zikiwa na kile walichoweza kubeba. Nyumba za Waborana na Wasakuye hujengwa kwa fito na mikeka, na hubebwa na ngamia wakati wa kuhama. Sasa zilisimamishwa zikiwa zimesongamana, karibu na kambi ya askari, na zikabaki hapo.

Watu walihesabiwa. Usiku hapakuwa na ruhusa ya kutoka. Mchana mchungaji alihitaji idhini, na alipaswa kurudi kabla ya giza. Aliyechelewa kwa kumtafuta mnyama aliyepotea alijiweka katika hatari ya kuuawa.

Waliotoa ushahidi miaka mingi baadaye walisimulia vipigo, kuteswa wakati wa kuhojiwa, mauaji ya wanaume walioshukiwa na ubakaji wa wanawake. Walisimulia pia njaa na magonjwa yaliyoenea katika vijiji vilivyojaa watu kupita kiasi.

JINSI MIFUGO ILIVYOANGAMIA

Ili kuelewa hasara iliyopatikana, ni lazima kuelewa jinsi ufugaji wa kuhamahama unavyofanya kazi.

Katika nchi kavu, mvua hainyeshi kila mahali. Hunyesha hapa mwaka huu na kwingine mwaka ujao. Mfugaji hawezi kuingoja imfuate alipo, hivyo yeye ndiye huifuata. Ndiyo maana Waborana hugawa mifugo yao mafungu mawili. Fungu la nyumbani, warra, huwa na wanyama wa maziwa wanaokaa karibu na familia. Fungu la mbali, fora, hupelekwa na vijana hadi malisho ya masafa marefu, na huweza kukaa huko kwa miezi mingi.

Matumizi ya malisho na maji husimamiwa na wazee wa eneo, wanaoitwa jarsa dedha. Wao huamua ni malisho gani yaachwe kwa ajili ya kiangazi na nani anyweshe siku gani. Kila mnyama pia ana mahitaji yake. Ng'ombe huhitaji maji kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa kiangazi. Ngamia huweza kukaa zaidi ya wiki moja bila kunywa, na kwa sababu hiyo hufika kwenye majani ambayo ng'ombe hawawezi kuyafikia.

Amri ya vijiji ilivunja mpango huo wote kwa pigo moja. Mnyama anayetoka asubuhi na kulazimika kurudi kabla ya jua kutua hawezi kwenda mbali kuliko mwendo wa nusu siku. Kundi la fora halikuwezekana tena. Mifugo yote ya kituo ilikula katika duara moja dogo, siku baada ya siku, hadi nyasi zikaisha na ardhi ikabaki vumbi.

Wanyama waliodhoofika walishikwa na magonjwa upesi, na kwa sababu walikuwa pamoja, ugonjwa uliruka kutoka zizi moja hadi jingine. Wengine walitwaliwa na serikali kama adhabu. Wengine walipigwa risasi katika maeneo yaliyopigwa marufuku. Ngamia walilengwa zaidi, kwa kuwa walishukiwa kubeba silaha na chakula cha waasi.

Watafiti waliofanya kazi Isiolo katika miaka ya 1970 walikuta kwamba Waborana wa wilaya hiyo walikuwa wamepoteza karibu ngamia wao wote, pamoja na sehemu kubwa mno ya mbuzi na kondoo. Wasakuye, ambao maisha yao yalitegemea ngamia kuliko jamii jirani, waliachwa mikono mitupu.

Hasara ya ngamia si kama hasara ya mbuzi. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano, na kundi dogo huweza kukua kwa miaka michache. Ngamia hubeba mimba kwa takriban miezi 13, huzaa ndama mmoja, na kwa kawaida hupita miaka miwili kati ya uzazi mmoja na mwingine. Ndama wa kike huhitaji miaka kama mitano kabla ya kuzaa. Aliyepoteza kundi lake mwaka 1967 na akabakiwa na ngamia wawili hakuweza kulirudisha katika maisha yake.

Tena ngamia ndiye aliyebeba nyumba, vibuyu vya maji na watoto wadogo wakati wa kuhama. Kambi zilipofunguliwa, familia nyingi hazikuondoka kwa sababu hazikuwa na cha kuzibebea mizigo. Ruhusa ya kuhama ilikuja wakati uwezo wa kuhama ulikuwa umekwisha.

KAZI ILIYOKATAZWA

Hapa ndipo kambi za Isiolo zilipotofautiana na zile za Mau Mau. Manyani na Mwea, mfungwa aliadhibiwa kwa kulazimishwa kufanya kazi asiyoitaka. Garba Tulla na Merti, adhabu kubwa ilikuwa kumzuia mtu kufanya kazi yake.

Mkulima aliyefungiwa kijijini huko Nyeri aliteseka, lakini shamba lake halikufa. Aliporudi alikuta udongo uko pale pale, ingawa mara nyingine mwenyewe mpya alikuwa amekwisha kuandikwa. Mali ya mfugaji inapumua. Ikikosa majani na maji kwa mwezi mmoja, hakuna cha kurudia.

Kwa hiyo kijiji kilichoelezwa na maafisa kuwa ni hatua ya usalama kiligeuka, kwa wafugaji, kuwa kifungo kilichowafilisi bila hati ya mashtaka. Hapakuwa na kesi wala hukumu, na hapakuwa na tarehe ya kuachiliwa.

AMANI YA ARUSHA

Mwaka 1967 siasa za Somalia zilibadilika. Abdirashid Ali Shermarke alichaguliwa rais, naye Mohamed Haji Ibrahim Egal akawa waziri mkuu. Egal aliona kwamba vita havikuwa vikiinufaisha Somalia, ambayo pia ilikuwa na mgogoro na Ethiopia.

Viongozi wa Kenya na Somalia walikutana wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kinshasa mwezi wa Septemba. Tarehe 28 Oktoba 1967, Rais Kenyatta na Waziri Mkuu Egal walitia saini makubaliano mjini Arusha, Tanzania, yakisimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Pande zote mbili ziliahidi kusimamisha mapigano na kurejesha uhusiano wa kibalozi.

Makubaliano hayo yalimaliza vita kati ya serikali mbili. Hayakusema lolote kuhusu fidia kwa mfugaji wa Isiolo. Takwimu rasmi ziliweka idadi ya waliouawa kuwa takriban 2,000, ilhali makadirio mengine yanafika 7,000. Hakuna aliyewahesabu waliokufa kwa njaa na maradhi vijijini.

Masharti ya kutembea yalilegezwa polepole. Hata hivyo, sheria za hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki na wilaya jirani zilibaki vitabuni hadi mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Merti mwaka wa uhuru alifikisha umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria sawa na za mtoto wa Nakuru.

BAADA YA KAMBI

Wengi walioachwa bila mifugo walibaki pale walipokusanywa, na vituo vikageuka kuwa miji midogo. Wengine walihamia pembezoni mwa mji wa Isiolo, wakaanza kuuza kuni, makaa na maziwa, au kutafuta vibarua. Wengine walitegemea chakula cha msaada kwa miaka mingi.

Serikali na mashirika ya kimataifa walianzisha mashamba ya umwagiliaji kando ya mito, kama vile Merti, Malka Daka na Gafarsa, ili waliofilisika wapate riziki. Baadhi ya familia zilifaulu kwa muda. Lakini wengi walikitazama kilimo kama daraja tu, na fedha za mavuno walizipeleka sokoni kununulia mbuzi, wakitumaini kurudi malishoni.

Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliwakuta wakiwa bado hawajasimama. Aliye na ng'ombe mia huweza kupoteza nusu katika ukame na kuendelea. Aliye na watano huishiwa. Hivyo umaskini wa Isiolo, ambao mara nyingi huelezwa kuwa ni zawadi ya jua na mchanga, una sehemu yake iliyotokana na uamuzi wa binadamu.

SHERIA YA KINGA

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga. Sheria hiyo iliwazuia watu kuwashtaki maafisa wa serikali na wanajeshi kwa vitendo vilivyofanywa kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, iwapo vilitendwa kwa nia njema au kwa ajili ya usalama wa umma.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Mjane ambaye mumewe aliuawa hakuwa na mahakama ya kuiendea. Aliyetwaliwa ngamia hamsini hakuweza kudai hata mmoja. Na kwa kuwa hapakuwa na kesi, ushahidi haukuandikwa. Kumbukumbu ikabaki katika vinywa vya wazee, ambao mmoja mmoja wanaaga dunia.

Linganisha na waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Nao walingoja muda mrefu, lakini Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa. Walioteswa kaskazini hawakuweza kufuata njia hiyo, kwa kuwa waliyekuwa na madai naye si mkoloni wa zamani, bali dola yao wenyewe.

UKWELI NA HAKI

Nafasi ya kwanza rasmi ya kusikilizwa ilikuja kupitia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi. Mwaka 2011 tume hiyo ilifanya vikao kaskazini, ikiwemo Isiolo, na wakazi walieleza hadharani yale waliyokuwa wakielezana nyumbani.

Ripoti ya tume ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013. Ilivitaja vita vya mashifta na mpango wa vijiji miongoni mwa dhuluma kubwa dhidi ya watu wa kaskazini, pamoja na mauaji yaliyofuata katika miaka ya baadaye kama yale ya Wagalla huko Wajir mwaka 1984.

Tarehe 26 Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia kwa dhuluma za zamani. Alitangaza pia hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafaa waathiriwa katika muda wa miaka mitatu. Alipoondoka madarakani mwaka 2022, Bunge lilikuwa bado halijaidhinisha utekelezaji wa ripoti hiyo.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka vizuizi ambavyo havikuwapo mwaka 1966. Hali ya hatari haiwezi kuendelea zaidi ya siku 14 bila idhini ya Bunge la Kitaifa. Mateso na utumwa vimepigwa marufuku bila ubaguzi wa wakati wa vita au wa amani, na mtu aliyezuiliwa ana haki ya kufikishwa mahakamani hata hali ya hatari ikiwa imetangazwa. Ibara ya 30 inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi.

Vifungu hivyo vinamlinda Mkenya wa kesho. Kwa aliyekuwa kijana Garba Tulla mwaka 1966, na ambaye sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 70, swali ni la jana. Anachotaka kujua ni nani atakayeandika majina ya waliokufa, ni wapi walikozikwa, na kama serikali itatambua kwamba ngamia waliopigwa risasi walikuwa na mwenyewe.

Katika masimulizi ya Waborana, tukio lililopewa jina halisahauliki, kwani vizazi hulipokezana. Gaafa Daba lilikwisha kupewa jina lake. Lililosalia ni serikali nayo kuliandika katika kumbukumbu zake.